Mkaguzi wa kukodi: lini umlipe, lini ununue kipimajoto kwanza

Nina mgahawa wa viti 36 Mtwara mjini, upande wa Shangani. Nilianza na mabenchi mawili chini ya mwembe, nikiuza chapati na maharage kwa vijana wa bandarini. Kwa hiyo nikikwambia nililipa laki 7 ili mtu aje achungulie sufuria zangu, elewa kwamba hizo hela zilihesabiwa mara tatu kabla hazijatoka kwenye kanga.

Tamaa ndiyo iliyonisukuma. Kampuni moja ilitafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi wake mchana, sahani 80 kwa siku. Sharti lao: leta ripoti ya mkaguzi wa usalama wa chakula wa kujitegemea. Nikawauliza, mbona bwana afya ananikagua? Wakasema huyo ni wa serikali, sisi tunataka wa pembeni.

Tangu hapo wenzangu wengi wananiuliza kama inafaa. Jibu langu hubadilika kulingana na anayeuliza, ndiyo maana nimeamua kuliandika lote.

Kwanza, usiwachanganye hawa wawili. Bwana afya anakuja na sheria mkononi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu ya kuingia na kukagua, na mambo yakiwa mabaya unafungiwa. Usajili wa majengo ya chakula ulikuwa kwa TFDA, ile Mamlaka ya Chakula na Dawa, tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango. Kadi za afya za wahudumu, leseni, choo, taka, yote hayo yana wenyewe. Mkaguzi wa kukodi hana kibali cha kukupa, na ripoti yake haimzuii bwana afya hata dakika moja. Ukikutana na mtu anayekwambia "mimi nikikupitisha hawakugusi", mpe chai, mruhusu aende zake.

Faida ya mkaguzi wa kukodi ni nyingine. Hana faini ya kukupiga, kwa hiyo huna sababu ya kumficha kitu. Kama unamficha, ungebaki na hela yako.

Asubuhi ya maharage

Mkaguzi niliyemkodi alisafiri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na tulikubaliana aje "wiki hiyo" bila kutaja siku. Nilimkuta saa 12:40 asubuhi amekalia ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango wa nyuma, begi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukupiga simu?"

"Ningepiga, mama, ungefagia."

Akanawa, akaomba glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo. Nikadhani ana kiu. Kumbe alichomeka kipimajoto chake ndani, akakoroga, akasubiri mpaka kikasoma 0, akanionyesha. Halafu akaomba maji yanayotokota, kikasoma 100. Akasema ukiwa pwani kama hapa maji huchemka kwenye 100. Njombe kule juu hayafiki huko. Kitendo hicho cha dakika tano ndicho ninachokitumia hadi leo kumpima mkaguzi yeyote: asiyekihakiki kipimo chake mbele yako, takwimu zake ni za kubuni.

Akaenda kwenye sufuria la lita 40. Maharage yalitoka jikoni saa 2 usiku, yakafunikwa na sinia, juu yake jiwe kwa ajili ya paka. Mpishi wangu akasema, "Yameshapoa hayo, kaka, gusa." Nikagusa juu, kweli yamepoa. Yule kijana akashusha kile kijiti kirefu taratibu hadi katikati. 29. 34. 39. Kikaganda kwenye 41.

Saa 11 zilikuwa zimepita tangu moto kuzimwa, na katikati bado kulikuwa na joto la kulelea vifaranga.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaana, na chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Mimi nilijua hilo kwa mdomo. Nisichokijua ni kwamba sufuria kubwa lililofunikwa ni blanketi. Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Chakula kikipoa polepole zinaamka, na kijidudu hicho hustawi zaidi kwenye nyuzi arobaini na kitu, pale pale kipimo kilipoganda. Tumbo la kuendesha la siku moja, mteja analisingizia maji ya kisima.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ukitaka kukilaza chakula, kigawe kwenye trei au masinia yenye kina cha vidole vitatu tu, yaweke juu ya karai la maji ya barafu, koroga. Kitoke 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili, nikachoka kununua barafu. Sasa naloweka maharage usiku, naanza kuyapika saa 10 alfajiri, na yanayobaki jioni hayalali. Wali vivyo hivyo. Najua sote tumelelewa na kiporo cha wali na chai ya rangi, lakini wali uliolala nje hutengeneza sumu ya Bacillus cereus, na sumu ile kuipasha moto hakuiondoi.

Kama kuna kitu kimoja kilichonirudishia laki 7 zangu, ni ile 41.

Mambo ambayo fomu yake haikuyajua

Fomu aliyokuja nayo iliandikwa kwa hoteli kubwa. Ilikuwa na mstari unaouliza vyeti vya wasambazaji. Nikamwambia msambazaji wangu wa pweza ni shangazi mmoja anayevuka kutoka Msangamkuu na ndoo kichwani, hana cheti, ana sauti. Tukacheka. Lakini sikutaka mstari ule ubaki na alama ya kosa tu, kwa hiyo tuliunda cha kwetu: daftari la mapokezi lenye jina la aliyeleta, siku, saa, samaki gani, amekuja na barafu au bila. Linatosha.

Lina kazi zaidi kwa jodari na vibua. Samaki hawa wakikaa juani baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini ndani ya nyama. Mteja anakula, dakika chache baadaye midomo inawasha, uso mwekundu, moyo unakwenda mbio. Sisi husema "samaki huyu anawasha" au mtu ana aleji. Histamini haifi kwa kukaangwa wala kwa ndimu wala kwa pilipili, na samaki anaweza asinuke kabisa. Kwa hiyo kwa jodari, asiye na barafu sinunui, hata ashushe bei namna gani. Kwa samaki aina ya changu nitakagua macho, mashavu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kwa jodari macho hayanisaidii, barafu ndiyo inayonisaidia.

Jambo la pili ambalo kijana wa Dar hakulifahamu ni bamvu, zile siku ambazo bahari inajaa na kupwa sana. Maji yakitoka sana, pweza wanakuja wote kwa siku tatu nne, bei inaanguka, na kila mwenye friza anajaza. Hapo ndipo friza linapokufa bila kufa. Unaingiza kilo 25 za pweza wa joto mara moja, linanguruma usiku kucha, na vitu vilivyoganda jana vinaanza kulainika. Nilimwonyesha, akaweka kipimo kati ya mifuko: nyuzi 6 ndani ya kitu tunachokiita friza. Sasa sheria yangu ni kilo 8 kwa awamu, kwenye mifuko bapa isiyorundikwa, na kipimajoto cha elfu chache kinaning'inia ndani muda wote. Umeme ukikatika sifungui mlango, naandika saa uliyokatika ukutani kwa chaki.

Na mikono. Kati ya saa 7 na saa 8 mchana alikaa kwenye kona na soda, kimya. Alihesabu mara 23 mkono uliopokea noti ukashika chapati. Mara 2 tu ndipo uliponawa katikati. Mhudumu mwenyewe alipoambiwa alibisha, na nilimwelewa, maana hakuna anayeuona mkono wake. Sikumkemea. Nilimtoa kwenye chapati nikampa pesa tu, nikanunua koleo la chapati na ndoo yenye koki ikawekwa hatua mbili kutoka kwenye kikaango. Ndoo ikiwa mbali, hakuna anayenawa, hata umlipe.

Kabla ya kumlipa mtu, fanya haya

Kama mgahawa wako ni wa viti 10 na hujawahi kupima joto la chochote, usimwite mkaguzi. Atakuandikia mambo 30, utakata tamaa, karatasi itafungiwa maandazi. Nunua kipimajoto cha kuchomeka. Changu hakikufika elfu 40. Kihakiki kwa barafu kila Jumatatu. Kwa wiki mbili pima vitu vinne tu: nyama au kuku anapoiva (katikati ifike 70), wali uliomo kwenye hotipoti saa 9 mchana (usishuke chini ya 60), friji asubuhi kabla hujalifungua kwa kazi (5 au chini), na chochote ulichokilaza. Andika. Usidanganye daftari, halina mtu wa kukusifu.

Wali wangu wa saa 9 ulisoma 47. Nilikuwa nikipika sufuria moja kubwa la siku nzima. Nikagawa mapishi mara mbili, saa 5 na saa 8, na hotipoti nazimwagia maji ya moto kabla ya kuweka wali. Hakuna mkaguzi aliyenifundisha hilo.

Kwa ubao na visu, baada ya sabuni na kusuuza, tumia dawa ya klorini. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, mililita 3 kwenye lita 1 ya maji inatoa kama sehemu 100 kwa milioni, na hiyo inatosha. Nunua bomba la sindano la famasi, bila sindano yake, uache kukisia kwa kizibo. Ubao wa samaki mbichi na ubao wa kachumbari visikutane. Wangu mmoja nimeutoboa tundu, hata usiku kukiwa giza mtu anaujua kwa kidole.

Baada ya hapo kuna hatua ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni kukaguana. Nina mwenzangu wa Lindi mwenye mgahawa wa ukubwa kama wangu. Kila baada ya miezi mitatu napanda kosta, kama kilomita 100, nakaa jikoni kwake tangu alfajiri hadi chakula cha mchana kiishe. Mwezi unaofuata yeye anakuja kwangu. Nauli na chakula, basi. Nilijaribu kwanza na jirani wa mtaa mmoja, haikufaa: akikusifu anakuogopa, akikuponda wateja wako wanasikia jioni hiyo hiyo. Wa Lindi hagombanii mteja nami, hapati kitu nikifaulu, hapotezi kitu nikifeli. Mara ya kwanza aliniambia, "Wifi, taulo hii moja mnapangusia mikono, meza na masufuria." Nilinuna hadi yeye akawa amefika Mingoyo, njiani kurudi Lindi, halafu nikanunua taulo 12 za rangi tatu.

Sasa, nani anafaa kumlipa mkaguzi hasa? Anayetaka tenda ya kampuni, shule au semina, kwa sababu wataiomba ripoti. Mwenye migahawa miwili na hawezi kuwa kote. Mwenye mgahawa asiyeingia jikoni mwenyewe, huyu ndiye anayehitaji kuliko wote na ndiye anayepiga simu mwisho. Na yule ambaye wateja wake wameshaumwa na hajui kimetoka wapi, ingawa huyo aanze kwa bwana afya, si kwa mtu wa kukodi.

Ukishaamua, mhoji

Muulize anauza nini kingine. Wengine wanauza dawa za usafi, na ajabu ni kwamba kila jiko wanalokagua linahitaji dawa hizo. Muulize kama atafika wakati wa kupika na wa kuuza, maana jiko la saa 10 jioni lililokwisha kudekiwa halitoi siri. Mwombe ripoti ya zamani, majina yakiwa yamefutwa, uone kama inasema "boresha usafi" au inasema "ubao wa kukatia una mifereji iliyoshika mafuta, ubadilishwe". Ya kwanza ni maneno ya hotuba. Ripoti iwe kwa Kiswahili, anayeitekeleza ni mpishi. Na mkubaliane arudi: mimi nililipa laki 4 siku ya kwanza, laki 3 aliporudi baada ya wiki sita kuangalia kilichobadilika. Malipo yasihusiane na kufaulu. Hela ile ile, upate 40 au upate 95.

Hilo la mwisho silisemi kwa utani. Mwaka 2011 kule Colorado, Marekani, kulikuwa na shamba la matikiti aina ya kantalupu (si tikiti maji), Jensen Farms. Mwezi Julai mkaguzi wa kukodi, aliyelipiwa na shamba lenyewe, aliwapa alama 96 kati ya 100. Matikiti ya msimu ule ule yalikuwa na kijidudu kiitwacho listeria, na watu 33 walikufa. Vifaa vya kuoshea vilikuwa haviosheki vizuri na maji yalisimama sakafuni. Niliposoma habari hiyo niliacha kabisa wazo la kuweka kile cheti ukutani karibu na kaunta. Kimo kwenye faili. Ukutani nimeweka karatasi ya joto la friji ya wiki hii, mteja akitaka asome.

Siku ya ukaguzi usifanye usafi wa sikukuu. Wapishi waambie mapema kwamba wiki hiyo kuna mgeni, hafukuzi mtu kazi, wafanye kama kawaida. Wewe usimfuate nyuma ukimweleza. Ukieleza sana anaandika maelezo badala ya anachokiona. Ila akiwa kwenye maji muonyeshe kila kitu, bomba, boza, na hasa ndani ya simtanki. Langu lilikuwa na mjusi. Tuliache hapo.

Na ripoti ikija, ipange upya mwenyewe. Yangu ilikuwa na mambo 31. Kumi na nne yalihusu rangi ya ukuta, vigae, mabango na jinsi rafu zilivyopangwa. Si kwamba ni uongo, lakini ukuta haujawahi kumharisha mtu. Nilimpigia simu nikamwomba aweke alama kwenye yale yanayoweza kumuumiza mteja wiki hii. Akaweka 9. Hayo tisa yalinigharimu kama laki 2 na nusu pamoja na taulo, koleo, ndoo, trei na ubao mpya. Vigae nilivifikia mwaka uliofuata, vingine bado.

Tenda niliipata. Miezi minne baadaye kampuni ikahamisha kambi, sahani 80 zikaondoka nayo. Ukiniuliza kwa hesabu ya hela tu, faida ya sahani ililipa mkaguzi na ikabaki kidogo ya kununua friza la pili, ambalo bamvu likija linaniokoa. Sijamwita tena kwa malipo. Nitamwita nikipata tenda nyingine, au nikifungua Mikindani kama ninavyotamani, kwa sababu huko sitakuwapo kila alfajiri.

Kitu kimoja kidogo kwa atakayeanza kesho: kipimajoto kifunge kwa uzi kwenye msumari karibu na jiko, pamoja na kalamu ya daftari. Changu cha kwanza kilimwagwa na maji ya vyombo siku ya nne, tukakitafuta mtaroni hadi magharibi.